Kingamwili za chanjo au za ugonjwa? Soma vizuri majibu ya damu ya ng'ombe

Majibu ya maabara yakionyesha kuwa mtamba uliyemnunua Rungwe au Njombe ana kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu), usikimbilie kumpeleka machinjioni. Kingamwili huachwa na ugonjwa, na huachwa na chanjo pia. Uliza kwanza: kilitumika kipimo gani, na mnyama alichanjwa chanjo ipi, lini?

Kwa ugonjwa wa miguu na midomo, omba kipimo cha NSP, yaani cha protini za kirusi zisizo za ganda. Kirusi kinapozaliana mwilini hutengeneza protini ambazo si sehemu ya ganda lake. Chanjo nzuri ya kirusi kilichouawa husafishwa kiwandani ili protini hizo ziondoke, libaki ganda. Kwa hiyo ng'ombe mwenye kingamwili za NSP kwa kawaida amepatwa na kirusi chenyewe, hata kama alichanjwa. Kipimo cha protini za ganda hakitenganishi: aliyechanjwa na aliyeugua wote huonekana chanya.

Hata hicho cha NSP hukosea. Chanjo isiyosafishwa vizuri, ikirudiwa mara nyingi, huweza kuleta jibu chanya la uongo. Ukipima kabla ya siku 10 hadi 14 tangu maambukizi, unaweza kupata hasi ilhali kirusi kimo. Ndama naye hubeba kingamwili za mama alizopata kwenye dang'a, basi usimpime kabla hajafikisha miezi 6. Tena, ng'ombe aliyechanjwa akaambukizwa kidogo huenda asitoe kingamwili za kutosha. Ndiyo maana tunasisitiza kupima kundi, si mnyama mmoja, na kuanza na mitamba waliozaliwa baada ya mlipuko wa mwisho: wakitoka chanya wengi, kirusi bado kinazunguka bandani.

Brusela, ile ya kutupa mimba, ina shida yake. Chanjo ya S19 huweza kumfanya ng'ombe asiye na ugonjwa aonekane chanya kwenye Rose Bengal, kipimo cha kingamwili za brusela, hasa akichanjwa akiwa mkubwa. Ndiyo maana hupewa ndama majike wa miezi 3 hadi 6, ili kingamwili zishuke kabla hawajapevuka. Chanjo ya RB51 haivurugi kipimo hicho. Zote mbili ni bakteria hai na huambukiza watu, kwa hiyo kazi ya kuchanja aachiwe mtaalamu wa mifugo mwenye glavu na miwani ya kukinga macho.

Damu itolewe na mtaalamu kwenye mshipa wa shingo au wa mkia, mililita 5 hadi 10, kwenye tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Iache igande kivulini, usiitikise. Chembe za damu zikipasuka, majimaji yanayojitenga na damu iliyoganda (seramu) huwa mekundu na sampuli huharibika. Kabla ya kuwekwa kwenye friza, majimaji yatenganishwe kwanza; damu nzima haiwekwi kwenye friza kamwe. Peleka kwenye ubaridi hadi kituo cha TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Iringa, pamoja na karatasi yenye namba ya hereni, umri, jina la chanjo, namba ya toleo lake na tarehe ya kila dozi.