Kujisikia Mazoezini Bila Kupandisha Sauti

Mwongozo huu nauandikia vikundi vya taarab na bendi ndogo zinazofanyia mazoezi majumbani, kama tufanyavyo sisi hapa Lamu, ambako mpiga udi hulalamika kwamba hajisikii, akaongezewa sauti, mpiga kinanda cha umeme naye akapandisha chake, na saa moja haijesha mwimbaji amekwisha kukauka koo. Nimeyapitia hayo miaka mingi, na karibu kila mara dawa yake imetokana na mahali pa kukaa na upande spika inakoelekea.

Hatua ya kwanza ni kukijua chumba. Nyumba zetu za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mkoko, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, mara nyingi havifiki mita 3. Kuta ngumu namna hiyo hurudisha kila sauti. Katika chumba chenye upana wa mita 2.8, sauti ya hezi 61 hivi (yaani mitetemo 61 kwa sekunde) hujikusanya baina ya kuta mbili, nayo iko karibu sana na noti ya B ya chini kwenye gitaa la besi la nyuzi nne. Ndiyo maana noti hiyo huvuma chumba kizima ilhali jirani zake hazisikiki vizuri. Mpigaji asidhani kwamba mkono wake ndio wenye kosa. Aiondoe spika kwenye pembe ya chumba, kwani pembe huzidisha besi, kisha aisogeze kidogo kidogo mpaka noti zikaribiane. Magodoro ya sufi yakisimamishwa ukutani hupunguza makali ya sauti za kati na za juu, lakini besi hayaiwezi, na pazia la kanga halisaidii chochote isipokuwa kupendeza macho.

Hatua ya pili, pigeni wimbo mmoja mzima bila umeme: udi, fidla, tari na sauti ya mwimbaji. Kiwango ambacho udi unasikika humo ndicho kipimo cha mazoezi yote, na vyombo vya umeme viingie kimoja kimoja bila kukivuka. Tari na dumbaki zikiufunika udi hata kabla ya umeme kuwashwa, wapigaji wake wahamie mwisho wa chumba na wapige kwa vidole, kwa sababu hakuna mtambo utakaomponya mpiga tari asiyejua kupiga taratibu.

Hatua ya tatu ni spika, na hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Sauti za juu hunyooka kama mwanga wa tochi. Spika iliyowekwa sakafuni nyuma ya mpigaji aliyesimama humpiga miguuni, yeye asisikie kitu, huku aliyeketi mkekani mbele yake akiumia masikio. Iinuliwe juu ya kiti, au ilazwe kidogo kwa tofali ili uso wake uelekee kichwa cha mwenyewe, kisha isogezwe karibu. Kupunguza umbali kutoka mita 2 hadi mita 1 huongeza takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za sauti inayomfikia moja kwa moja, ongezeko ambalo kwa amplifaya lingehitaji nguvu mara nne.

Kwa mwimbaji, maikrofoni ya kawaida ya kadioidi husikia mbele na huwa kiziwi nyuma, kwa hiyo spika yake ikae nyuma ya maikrofoni hiyo. Asikifumbate kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, maana uziwi huo hupotea na mluzi wa sauti ya spika kurudi kwenye maikrofoni huanza mara moja. Mluzi ukitokea, geuzeni maikrofoni kwanza, kisha ndipo mguse mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti. Akitaka kuhakikisha kama yumo kwenye sauti, azibe sikio moja kwa kidole, kama afanyavyo mwadhini.

Ikiwa bado chombo kinapotea, kiongezewe sauti za kati, takriban hezi 1,000 hadi 3,000, badala ya kupandishwa chote. Mpiga kinanda naye aupumzishe mkono wa kushoto, kwani noti za chini zina mwenyewe, mpiga besi.

Pimeni pia kiwango kwa programu ya simu, ingawa kipimo chake ni cha kukadiria. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri desibeli 85 zisizidi saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hupungua nusu: desibeli 94 ni saa 1, desibeli 100 ni dakika 15. Sisi hukatiza kwa swala ya magharibi, na tukirudi tunapiga wimbo wa kwanza kabla ya yeyote kugusa mitambo, ili masikio yaliyopumzika yasikie kiwango tulichokiacha. Anayeinuka wa kwanza kupunguza, mara nyingi, ni mpiga kinanda.