Umehamia maabara mpya? Anza na maji

Wiki ya kwanza usikimbilie jaribio lako. Chukua pipeti utakayoitumia, vuta mikrolita 1000 za maji safi, uyaweke kwenye mizani: yanapaswa kuwa karibu gramu 1. Rudia mara kumi. Namba zikiyumba, ama pipeti inataka kurekebishwa ama ni mkono wako, na heri ulijue hilo sasa kuliko baada ya miezi mitatu ya matokeo yasiyoeleweka.

Kisha omba kufanya jaribio moja ambalo wenzako wamelizoea na majibu yake yanajulikana. Mwombe fundi sanifu asimame karibu. Atakuonyesha yale ambayo hayamo kwenye mwongozo: bafa hii (myeyusho wa kudhibiti kiwango cha asidi) itikise kwanza, mashine ile ya kona ipe dakika ishirini ipate joto. Tuseme ukweli, yaliyomo kwenye friji anayajua kuliko profesa. Yaandike daftarini siku hiyohiyo.

Na kila kichupa unachoweka kwenye friza ya nyuzi -80 kiandike jina, tarehe na kilichomo, kwa kalamu isiyofutika. Mimi changu nilikiandika “B2” tu. Hadi leo sijui kilikuwa na nini.