Chumba cha darini: inua ukuta kabla ya kuinua paa

Wateja wangu wengi hapa Mbeya huanza hivi: "Fundi, paa langu ni refu, nitolee vyumba viwili humo juu." Nikipanda na tochi, katikati ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) nasimama vizuri. Nikipiga hatua mbili kwenda pembeni, tayari nimeinama. Mwongozo huu ni wa paa la pande mbili. La pande nne hukubana hata mwishoni mwa nyumba, na hesabu yake ni nyingine.

Hatua ya 1: Pima, kisha toa

Chukua tepu, pima kutoka usawa wa juu ya ukuta hadi chini ya mbao zinapokutana kwenye kofia, yaani kilele cha paa. Usifurahie namba hiyo bado. Toa sakafu: mbao za 2x8 pamoja na ubao wa juu ni kama sentimita 23. Toa na dari jipya, sentimita 7. Jumla 30 zimekwenda kabla hujaweka kitanda.

Tuchukue nyumba ya upana wa mita 7. Paa lenye mwinamo wa nyuzi 30 lina kimo cha mita 2.02 katikati, ukitoa, inabaki 1.72. Hapo ni stoo ya mahindi tu. Nyuzi 40 hukuachia 2.64 katikati, lakini sehemu yenye kimo cha mita 2 ina upana wa mita moja na nusu tu. Hicho ni kichochoro. Hata nyuzi 45 hukupa upana wa mita 2.4 tu.

Funga kamba mita 2 juu ya sakafu itakapokuja, umwite mwenye nyumba apite chini yake. Kamba inamaliza ubishi kuliko mchoro.

Hatua ya 2: Chagua unapotafuta kimo

Watu hukimbilia kusimamisha paa zaidi. Mimi nasema inua ukuta. Ile nyumba ya nyuzi 30 iliyokataa, ipandishie ukuta mita 1 kwa tofali za kuchoma: katikati unapata 2.72, na eneo la kusimama linakuwa mita 2.5, pana kuliko la nyuzi 45. Na bati? Kila upande, nyuzi 45 zinataka karibu mita 5, nyuzi 30 zinataka 4, ukiacha la kuning'inia nje. Piga hesabu ya bati hizo kwa urefu wote wa nyumba ndipo uamue.

Kama vyumba vya chini vina kuta za mita 3, kuna njia rahisi zaidi: shusha sakafu ya juu sentimita 40. Chini unabaki na karibu mita 2.5, na kwa baridi ya Juni huku kwetu, chumba kifupi hupata joto upesi. Paa la nyuzi 40 hapo linakupa upana wa mita 2.5 bila kugusa bati.

Kibanda cha dirisha kinachotokeza kwenye paa nacho huongeza kimo, ila kila kona yake ni mlango wa maji. Kwa mvua za Tukuyu, nakifanya nikikosa njia nyingine.

Hatua ya 3: Usiguse mbao ya chini ya kenchi

Hapa ndipo nyumba zinapoharibika. Mbao ile ya mlalo inazuia miguu ya kenchi isitanuke. Ukiikata upate kupita, paa linasukuma kuta nje, na ufa utaanzia juu ya madirisha.

Sakafu mpya ikiwa usawa wa ukuta, funga mbao zake kwa bolti kwenye miguu ya kenchi pande zote mbili, zishike kazi hiyo kwanza, ndipo ukate. Ukiwa umeinua ukuta au umeshusha sakafu, miguu haina tena wa kuishika. Weka boriti nzito chini ya kofia, ikae juu ya kuta za mwisho na ukuta wa kati, na mkanda wa zege wenye nondo juu ya ukuta mpya. Ukubwa wa boriti aukokotoe mhandisi, na kibali cha halmashauri kitoke kabla ya kufumua bati.

Hatua ya 4: Dari

Fuata mwinamo, sufi ya kuzuia joto na baridi ikae katikati ya mbao. Acha sentimita 5 za hewa chini ya bati, maana usiku wa baridi bati hutoa jasho.

Hatua ya 5: Ngazi

Ningeiandika ya kwanza. Juu ya kila kidato kunatakiwa mita 2. Uingereza, kwa vyumba vya darini, wanakubali 1.9 katikati ya ngazi na 1.8 pembeni. Nyumba moja ya Uyole niliegemeza ngazi kwenye ukuta wa nje ili kuokoa sebule. Mama mwenye nyumba akapanda, akagonga paji la uso kwenye kidato cha tatu kutoka juu. "Fundi, hii umewajengea wajukuu?" Nikaibomoa kwa gharama yangu, nikaipeleka chini ya kofia, na sebule ikapungua mita moja.