Somo: Kuchagua transmita ya masafa ya chini (kilohezi 137 na 475)

Kila wiki naulizwa, "Mkuu, ninunue transmita ya wati ngapi?" Swali hilo limeanzia mkiani. Huku chini antena ndiyo inayoamua, transmita inafuata.

Hatua ya 1: Ijue bendi
Sisi wa redio za ridhaa tuna vipande viwili: kilohezi 135.7 hadi 137.8 (mita 2200), tulivyopewa mwaka 2007, na kilohezi 472 hadi 479 (mita 630), vya mwaka 2012. Kikomo cha kimataifa ni wati 1 EIRP, yaani nguvu inayonururishwa na antena ukizidisha kwa ongezeko lake (jinsi inavyoielekeza nguvu hiyo), si ile inayosomeka kwenye mita ya transmita. Mita 630 baadhi ya nchi huruhusu hadi wati 5. Soma leseni yako kabla hujawasha pasi ya kulehemu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya antena
Hapa usiharakishe. Robo ya wimbi kwenye kilohezi 137 ni karibu mita 547, na hakuna kati yetu mwenye mlingoti huo. Tuseme una mlingoti wa mita 10 wenye nyaya nyingi zilizotandazwa juu. Ukinzani wake wa mnururisho (sehemu ya ukinzani inayogeuza umeme kuwa mawimbi) ni karibu omu 0.033 tu. Ardhi na koili ya kuipatanisha antena na masafa vinakula, tukadirie, omu 60.

Antena fupi iliyosimama juu ya ardhi ina ongezeko la karibu mara 3, hivyo kwa wati 1 EIRP inatosha inururishe wati 0.33. Hapo mlingoti unahitaji ampea 3.2. Ampea 3.2 zikipita kwenye omu 60, ni wati 600 na ushee!

Mlingoti uleule kwenye kilohezi 475 unapata karibu omu 0.4. Weka upotevu wa omu 30, na wati 25 zinakutosha. Ndiyo maana anayeanza namwelekeza mita 630. Na kabla ya kununua wati zaidi, ongeza nyaya za ethi (za ardhini). Ukipunguza upotevu kwa nusu, transmita ya nusu ya nguvu inafanya kazi ileile.

Hatua ya 3: Utarusha nini?
Sauti isahau, maana mita 2200 nzima ina upana wa kilohezi 2.1. Kuna Morse ya polepole (QRSS), na kuna WSPR na FST4W, mitindo ya kidijiti ya kompyuta kwa mawimbi hafifu. Zote hazihitaji amplifaya ya linia (inayokuza wimbi bila kubadilisha umbo lake), kwa hiyo chukua ya daraja D au E, ambayo mosfeti zake (aina ya transista) huwaka na kuzima kama swichi. Ufanisi wake hufika asilimia 80 hadi 90. Ila angalia joto: WSPR hurusha karibu sekunde 111 bila kupumua.

Hatua ya 4: Njia za kuipata
Kujenga mwenyewe ndiyo njia ninayoipenda. Transvata (kifaa cha kuhamisha masafa) inayosukumwa na redio ya HF, yaani ya masafa ya juu, nayo ni nzuri. Transmita kuukuu za vinara vya redio vya kuongozea ndege (NDB) zimeundwa kufanya kazi usiku na mchana, lakini ni nzito, na nyingi huanzia kilohezi 190, kwa hiyo 137 hazifiki.

Hatua ya 5: Filta na kinga
Daraja D hutoa mawimbi ya mraba. Harmoniki ni mawimbi ya ziada kwenye vizidishi vya masafa yako: ya tatu ya 475 ni 1425, katikati ya redio za mawimbi ya kati, na jirani atakusikia. Weka filta ya kupitisha masafa ya chini. Weka pia kinga ya kukata umeme antena ikihama masafa. Mimi niliidharau, mvua ikanyesha, antena ikahama, mosfeti nne zikaniaga kwa harufu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, redio yangu ya HF ya wati 100 siwezi kuifungua tu irushe 475?*
Inaweza kukubali, lakini filta yake ya chini kabisa kwa kawaida ni ya megahezi 1.8. Harmoniki za 950 na 1425 zitapita kama zinakwenda sokoni. Itumie kusukuma transvata, kwa nguvu ndogo.

*Je, lazima kristali (inayoshikilia masafa) ya bei kubwa ili WSPR isomeke?*
Inategemea. Ukizalisha 137 kwa kugawanya masafa ya kristali, kosa la sehemu 1 kwa milioni ni hezi 0.14 tu, halina neno. Lakini transvata inayochanganya na kristali ya megahezi 10 inahama hezi 10 kwa kosa lilelile. Gawanya, usichanganye.

*Shikamoo mwalimu. Ni kweli antena inaweza kuunguza mtu?*
Marahaba. Ni kweli kabisa. Antena yenye uwezo wa kutunza chaji wa pikofaradi 300 ikipitisha ampea 3.2 kwenye kilohezi 137 hubeba zaidi ya volti 12,000 juu ya koili. Transmita yenyewe inaweza kuwa ya volti 50, usidanganyike nayo. Zungushia uzio, tumia vihami vya kauri au plastiki nzuri, na koili isiguse ukuta wa mbao. Wangu ulianza kutoa moshi dakika ya tatu.