Kupiga waksi juu ya kotingi ya seramiki: mwongozo kwa magari ya Nyanda za Juu Kusini

Gari lenye kotingi ya seramiki halihitaji waksi ili lilindwe. Kotingi ni tabaka gumu la silika lililoshikamana na klia (tabaka angavu lililo juu ya rangi ya gari), na waksi utakayoweka juu yake ni laini zaidi na itaondoka mapema zaidi. Kinachotafutwa hapa ni urembo. Kotingi peke yake hutoa mng'ao mkali. Waksi ya kanauba, nta ngumu ya mmea, huutuliza na kuikoleza rangi iliyo chini. Tofauti hiyo inaonekana kwa gari jeusi, la bluu iliyoiva, jekundu au la damu ya mzee. Kwa jeupe na la fedha ni ndogo mno, na ukiniuliza, haistahili nusu siku ya kazi.

Urembo huo una gharama. Waksi huifunika kotingi, kwa hiyo maji yatateleza kwa tabia ya waksi, si ya kotingi uliyoilipia. Pia ina unyevu wa mafuta kidogo na hushika vumbi zaidi. Gari linalopita kila siku barabara ya udongo mwezi wa nane, iwe ndani ya Mufindi au kuelekea Ludewa, lipige dawa ya silika ya kupuliza badala ya waksi. Waksi ni ya gari la mjini, la harusi, au la kuuzwa wiki hii.

Kwanza, kotingi iko katika hali gani?

Kama ni mpya, subiri. Watengenezaji wengi hutaka gari lisiguswe na maji siku ya kwanza au mbili, na lisioshwe kwa shampuu kwa takriban siku 7. Kwa waksi, subiri wiki 2 hadi 4. Baridi huchelewesha ukaukaji, hivyo kotingi iliyopigwa Njombe au Mafinga mwezi wa sita ipe wiki 4 kamili. Ukiwahi, viyeyushi vilivyomo kwenye waksi vinaweza kuivuruga kabla haijakomaa. Kama ulipewa kadi ya dhamana, isome au mpigie fundi aliyeipiga: baadhi ya dhamana hazikubali bidhaa nyingine juu ya kotingi.

Kama ni ya zamani, mwagia maji safi kwenye boneti. Yakijikusanya matone ya mviringo na kuteleza, kotingi iko hai. Yakilala bapa, usikimbilie kusema imekufa. Mara nyingi imezibwa tu na chokaa ya maji, moshi wa dizeli au mabaki ya sabuni. Fanya hatua ya 1 na ya 2 kisha mwagia tena. Kama bado yanalala, kotingi imekwisha, na waksi itakupa wiki chache za mng'ao bila kuifufua.

Vifaa

Ndoo 2 za lita 15 hadi 20, na ya tatu ya rimu peke yake. Glavu ya kuoshea ya maikrofaiba. Shampuu ya gari isiyo kali, yenye pH ya karibu 7, isiyo na waksi ndani. Dawa ya kutoa chembe za chuma. Dawa ya kutoa lami. Taulo kubwa la kukaushia na vitambaa 5 au 6 vya maikrofaiba vyenye manyoya mafupi. Sponji 2 laini za kupakia. Tepu ya fundi rangi. Spiriti ya isopropili ya asilimia 70, inayopatikana katika maduka ya dawa.

Waksi yenyewe ndiyo ya kuchagua kwa makini. Chukua ya kanauba au ya sintetiki isiyo na mchanga wa kusugulia. Ukiona kwenye kopo maneno "cleaner", "polish", "compound" au "swirl remover", rudisha dukani, kwa sababu hiyo husugua na itakula kotingi. Lebo ikiwa imefutika au haieleweki, chukua CD ya zamani, weka waksi kidogo upande ule unaong'aa, sugua kwa kitambaa safi mara 20, futa, kisha iangalie kwenye mwanga. Plastiki ya CD ni laini, hivyo mchanga wowote utaacha mikwaruzo ya duara inayoonekana wazi. Jaribu pia kitambaa hichohicho, kwa sehemu yake kavu isiyo na waksi, mahali pengine kwenye upande huohuo wa CD, usije ukailaumu waksi kwa kosa la kitambaa.

Watu huuliza kuhusu nta ya nyuki, kwa kuwa huku ipo na ni ya bei nafuu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi, kanauba kwenye 82 hadi 86. Boneti jeusi lililoachwa juani linaweza kuikaribia ile namba ya kwanza. Nta hulainika, hunata, na vumbi lote la barabarani hubaki hapo. Iache kwa mishumaa na viatu.

Hatua ya 1: Kuosha

Suuza gari lote kwa maji kwanza ili mchanga uanguke kabla hujaligusa. Ndoo moja tia maji na shampuu kwa kipimo cha lebo, nyingi huwa mililita 20 hadi 30 kwa lita 10. Ya pili ni maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya paneli. Anza paa, shuka boneti, milango, malizia bampa na sehemu za chini. Sabuni ya unga na ya vyombo zisikaribie ndoo hizi, zinaacha mabaki yatakayozuia waksi kushika.

Usiache povu likaukie juu ya rangi. Huku juu jua ni kali hata hewa ikiwa ya baridi, na upepo kama wa Makambako hukausha paneli kabla hujageuka. Osha upande mmoja, suuza, ndipo uende wa pili.

Hatua ya 2: Kutoa kilichoshika

Magari yanayotumia barabara kuu ya Tunduma hadi Dar es Salaam hurudi na vitu viwili: matone ya lami kwenye milango ya chini, na chembe za chuma za breki za malori, hasa ukiwa umeyafuata kwenye mteremko wa Kitonga au Mlima Nyoka. Chembe hizo hazionekani, lakini ukipitisha kiganja ndani ya mfuko laini wa nailoni juu ya rangi iliyolowa utazisikia.

Pulizia dawa ya chuma kwenye paneli iliyopoa. Acha dakika 3 hadi 5, itageuka zambarau pale penye chuma, kisha suuza kabla haijakauka. Lami itoe kwa dawa yake iliyotiwa kwenye kitambaa, ukigusa doa tu. Mafuta ya taa yanatoa lami kweli, lakini yanaacha utando ambao waksi itateleza juu yake; ukiyatumia kwa kukosa njia, osha sehemu hiyo tena kwa shampuu.

Madoa meupe ya maji ya kisima hayatoki kwa shampuu. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, weka kwa kitambaa dakika 1 au 2, suuza vizuri. Udongo wa kusafishia rangi uache kabatini, maana unaparuza kotingi. Utumie tu pale penye kitu kilichokataa dawa zote, kwa eneo dogo na maji mengi ya shampuu.

Hatua ya 3: Kukausha na kupangusa

Laza taulo na ulivute, usisugue. Kisha shughulikia maji yaliyojificha: nyuma ya vioo vya pembeni, kwenye vitasa, pembezoni mwa taa, chini ya mkanda wa mpira wa madirisha. Fungua milango na buti, pangusa kingo. Tone moja likishuka toka kwenye kioo cha pembeni wakati waksi imepakwa, litachora mstari mlangoni na utaanza paneli upya.

Sasa changanya kipimo 1 cha isopropili ya asilimia 70 na vipimo 4 vya maji yaliyosafishwa kwa mvuke, upate takriban asilimia 14. Maji hayo huuzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri. Soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Pulizia kwenye kitambaa, pangusa paneli moja moja. Rangi iliyopigwa upya chini ya mwezi mmoja iliyopita usiiguse na spiriti.

Bandika tepu kwenye plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, mipira na nembo. Waksi ikiingia kwenye plastiki ya chembechembe hukauka nyeupe na haitoki kirahisi. Ikishaingia, kifutio cheupe cha penseli husaidia.

Hatua ya 4: Saa na mahali

Fanyia ndani ya banda au kivulini. Gusa bodi kwa mgongo wa mkono: isiwe ya moto, wala isiwe na ubaridi wa umande. Joto la hewa la nyuzi 15 hadi 25 ndilo zuri. Mwezi wa sita na wa saba, Mbeya na Iringa, chuma huwa kinatoa jasho hadi saa tatu asubuhi. Anza saa nne. Masika, anza mapema uwezavyo, mvua ya mchana isikukute na gari nje. Tukuyu, ambako unyevu hauondoki, kama huna banda la kulilaza gari usiku kucha, ahirisha.

Hatua ya 5: Kupaka

Anza na eneo la sentimita 30 kwa 30 pembeni mwa boneti, upake na kufuta hadi mwisho kabla ya kugusa gari zima. Waksi nyingine hukataa kabisa kushika kotingi: hujivuta na kuwa vipunje badala ya kutandaa. Ukiliona hilo, pangusa tena kwa spiriti na ujaribu mara moja zaidi. Ikikataa tena, badili waksi. Kuongeza kiasi hakusaidii, kwa sababu kotingi imetengenezwa ili vitu visishike.

Ikikubali, endelea. Waksi ngumu: zungusha sponji mara mbili tu juu ya kopo kwa nusu ya boneti. Waksi ya maji: kiasi cha punje ya harage kwa eneo hilohilo. Kwa gari dogo zima la saluni kinatosha kijiko kimoja cha chai au viwili vya waksi ngumu, au mililita 20 hadi 30 za ya maji. Paka kwa mistari iliyonyooka, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia, bila kukandamiza.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kwenye rangi tupu sponji hukwama kidogo na mkono hujua imeshika. Kwenye kotingi inateleza tu, na mtu hudhani hajaweka kitu, anaongeza. Usiufuate mkono, fuata jicho: inama hadi usawa wa boneti, tazama kwa upande dhidi ya mwanga. Ukiona ukungu mwembamba sana, inatosha. Ukiona weupe wa unga ukiwa umesimama wima, umezidisha mara kadhaa. Ziada haiongezi mng'ao. Huondoka yote kwenye kitambaa, ikikuachia michirizi na mkono unaouma.

Kioo cha mbele usikiguse, waipa zitapaka ukungu mvua ikinyesha. Rangi isiyong'aa na stika za mati pia ziache.

Hatua ya 6: Kufuta

Pitisha kidole juu ya ukungu. Njia kiliyoacha ikiwa safi na kavu, futa. Ikiwa na utelezi wa mafuta, subiri. Kwenye nyuzi 18 hadi 22 huwa dakika 5 hadi 10, mapema kuliko kwenye rangi tupu. Kwenye baridi inaweza kufika 20. Paka paneli mbili, rudi ufute ya kwanza. Gari zima likipakwa kwa mkupuo, ya mwanzo itakuwa imekakamaa. Ikikakamaa, paka waksi kidogo mbichi juu yake, hulainika, kisha futa mara moja.

Kunja kitambaa mara mbili upate nyuso 8. Kimoja kitoe waksi, cha pili safi kimalizie. Kikidondoka chini, kiweke pembeni hadi kifuliwe, hata kama unaona hakina mchanga.

Rudi baada ya saa 1 au 2 uangalie kwa tochi. Mafuta ya waksi huweza kupanda na kuacha mawingu, hasa hewa ikiwa na unyevu. Kitambaa kikavu kinatosha kuyaondoa. Liweke gari mbali na maji kwa saa 12 hadi 24.

Mkono wa pili wa waksi kesho yake hufaa kufunika ulipopasahau. Zaidi ya hapo, kwenye kotingi faida yake ni kidogo, kwa kuwa viyeyushi vya mkono wa pili huufungua ule wa kwanza.

Itakaa muda gani, na namna ya kuitoa

Kwa kuosha kwa shampuu isiyo kali, tarajia wiki 3 hadi 6. Kijana wa kuosha magari akitumia sabuni ya unga, haitazidi mara mbili au tatu. Vumbi likikaa usilipanguse kwa kitambaa kikavu ukiwa kwenye foleni. Mchanga huo utapita waksi na kuchora kotingi yenyewe.

Matone yakianza kutanuka na rangi kufifia kwa mabaka, usipake waksi mpya juu ya iliyochoka. Osha, pangusa kila paneli mara mbili kwa mchanganyiko uleule wa isopropili ukibadili uso wa kitambaa, kisha mwagia maji. Yakiteleza kwa wepesi kama siku kotingi ilipokuwa mpya, waksi imetoka yote. Pakiwa na sehemu bado zinazovuta maji, rudia hizo tu.