Kabla wakala wa akili unde hajaishika REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki

Wenzangu wa studio za Mombasa, fungeni kwanza folda ya rekodi asilia: wakala, yaani programu ya akili unde inayotenda kazi yenyewe kwenye kompyuta, aisome tu, asiandike humo. Kazi yake aifanyie kwenye nakala. Bibi aliyewaimbia taarabu Mji wa Kale huenda msimpate tena kumrekodi.

Lakini kufunga folda ndani ya mradi hakutoshi. REAPER hukubali skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha za kompyuta kama Lua na Python, na skripti ya Python yaweza kufuta faili popote pale akaunti yako inaporuhusiwa. Hapo ndipo wengi hujisahau. Mfungulieni wakala akaunti yake kwenye kompyuta, isiyo na mamlaka ya msimamizi, na kila skripti isomwe na mtu kabla haijaendeshwa. Kupakia wimbo mtandaoni, aombe idhini kila mara.