Kumsaka babu aliyevuka Ruvuma: kodi, mikorosho na makaratasi ya kasha

Ukimsaka babu, usianze na jina la ukoo. Huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Kitaya ukapanda mpaka Newala na kuteremkia Masasi, jina la mwisho kwenye cheti chako mara nyingi ni jina la babu mmoja tu, ambalo mwalimu wa darasa la kwanza aliliandika kwa sababu fomu ilitaka majina matatu. Nimekaa masijala ya wilaya mpaka kustaafu. Vijana wa Dar es Salaam waliokuja na jina hilo peke yake, wakitaka nifungue faili limtoe babu yao, niliwarudisha kwa bibi zao.

Babu huyo alikuwa na jina la utotoni. Alipotoka jandoni akapewa jingine. Akisilimu aliitwa Salum, akibatizwa aliitwa Yohana, na kazini msimamizi wa mkonge alimwita vyovyote. Karani wa kodi aliandika lile alilotajiwa siku hiyo. Kwa hiyo andika majina yote unayoyasikia, hata ya utani, kila moja na aliyekutajia.

Kisha uliza maswali mawili: mjomba wake alikuwa nani, na jumbe wake, yaani mkuu wa kijiji aliyemlipia kodi, alikuwa nani? Mjomba, kwa sababu Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua wa zamani walihesabu ukoo upande wa mama. Shamba na heshima vilishuka kwa mpwa, si kwa mtoto. Jumbe, kwa sababu daftari la kodi halikupangwa kwa alfabeti wala kwa ukoo. Lilipangwa kwa jumbe, na watu wake chini yake. Usipomjua jumbe utasoma kurasa mpaka macho yaume. Na ukumbuke kwamba mwanamume aliyehamia ukweni alilipa kodi kwa jumbe wa ukweni. Wamakonde watakutajia pia litawa (ukoo wa upande wa mama) na mkulungwa (mkuu wa kijiji) wao. Andika hayo kama yalivyotamkwa, usiyanyooshe.

Sasa fungua kasha. Kila nyumba ya wazee ina kasha, sanduku la bati au mkoba wa ngozi uliofungwa kwa kamba ya katani. Humo utakuta risiti za kodi, vipande vya mkonge (kadi za kazi za mashamba ya mkonge), kadi za TANU, stakabadhi za korosho za chama cha ushirika. Wazee hawakutunza risiti ya kodi kwa kupenda historia. Aliyekutwa njiani bila risiti alikamatwa, ndiyo maana ikatunzwa kwenye kasha kuliko hata picha ya harusi.

Risiti iliyofutika tarehe bado inasema umri wake kwa fedha iliyoandikwa. Ikiwa ni rupia na pesa, ni kabla ya 1904. Rupia na hela ni baada ya hapo, mpaka Vita vya Kwanza na kidogo mbele. Shilingi na senti ni Mwingereza, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kipande cha mkonge nacho kina visanduku vya siku 30 za kazi, na kwa kawaida jina la shamba lipo juu: Kikwetu, Kitunda na mengine ya Lindi. Wamakonde wengi wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, waliingia nchi hii kwa mlango huo wa mkonge, kwa hiyo kipande kinaweza kuwa karatasi ya kwanza kabisa ya babu yako upande huu.

Kodi yenyewe ina mengi ya kusema kuliko watu wanavyodhani. Mjerumani aliitangaza mwaka 1897 na kuanza kuikusanya 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Hakuna aliyeipokea kwa furaha. Machemba, yule Myao wa nyanda za Makonde aliyemkatalia Wissmann, mkuu wa Wajerumani huku, kwa barua mwaka 1890, alivuka Ruvuma na watu wake mwaka 1899 akaenda kukaa upande wa Mreno. Wengine walivuka kuja huku, kwa sababu ng'ambo ilitawaliwa na Kampuni ya Niassa mpaka 1929, nayo ilikuwa na kodi yake ya kibanda na kazi za kulazimishwa. Watu waliangalia wapi kuna nafuu. Kwa hiyo jina likikatika kwenye daftari miaka kadhaa, usiandike "alifariki". Huenda alikuwa upande wa pili wa mto akilima mpunga na shemeji zake, akisubiri karani achoke.

Daftari za Mwingereza, baada ya sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya 1922, ndizo zenye faida kubwa. Kijana asiye na nyumba alilipa ya kichwa. Akijenga, jina lake likahamia upande wa nyumba. Hapo unapata, kwa kukisia, mwaka alioa. Mwenye nyumba mbili alikuwa na wake wawili, maana kila mke na nyumba yake, na kila nyumba ilidaiwa. Majina ya hao wanawake hayaandikwi, na hilo linaniudhi mpaka leo: ukoo unapita kwa mama, na karani alimhesabu mama kama paa la nyasi.

Daftari nyingi hazipo. Mchwa, mvua na kuhama kwa ofisi vimekula. Zilizobaki za wilaya za zamani, Lindi, Mikindani, Newala na Masasi, zitafute Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Nenda na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa pamoja na kitambulisho cha taifa, na uliza utaratibu na ada kabla hujapanda basi. Kwanza omba Kitabu cha Wilaya. Ni kitabu ambacho mabwana shauri, wakuu wa wilaya wa Mwingereza, waliandika mfululizo: habari za makabila, majumbe na warithi wao, kodi, mipaka. Ukimpata jumbe wako humo, nusu ya kazi imekwisha. Usiamini kila historia ya kabila iliyomo. Mara nyingi bwana shauri alimsikiliza mzee mmoja mwenye shauri lake.

Majalada ya Mjerumani ni kazi nyingine. Mwandiko wake wa kale hausomeki hata na mtu aliyesoma Kijerumani, na barua za maliwali na maakida (watawala wadogo chini ya Mjerumani) mara nyingi ni Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mpelekee nakala mwalimu wa madrasa mwenye umri, atakusomea huku anakunywa kahawa. Tafuta majina kwa tahajia zao: Masasi ni Massassi, Nyangao ni Njangao, Mchinga ni Mtschinga, Ruvuma ni Rowuma. Mreno anaandika Rovuma, Maconde (Makonde), Quionga (Kionga). Majalada ya idara ya makoloni yaliyobaki Berlin, fungu R 1001, unaweza kuyatazama kwenye intaneti bila kulipa nauli.

Ardhi sasa. Hapa watu wengi hupoteza muda wakitafuta hati isiyokuwapo. Mjerumani, kwa amri ya 1895, aliita ardhi "isiyo na mwenyewe" mali ya dola, akasajili mashamba makubwa na viwanja vya mjini. Mwingereza kwa sheria ya 1923 akaiweka karibu yote chini ya Gavana. Mkulima wa Kitangari hakupewa karatasi. Kama familia yenu ilikuwa na kiwanja Lindi mjini au Mikindani, nenda ofisi ya ardhi. Kama walikuwa wakulima, tafuta ugomvi.

Nasema kweli, tafuta ugomvi. Mikorosho ilipoanza kuleta fedha, ndugu walishtakiana, na kesi ya mikorosho ndiyo hati bora ya ukoo kusini hii. Mdai anasimama na kueleza: shamba lilifyekwa na mjomba fulani, likaenda kwa mpwa wake fulani, mpaka wake ni mwembe na makaburi ya watu fulani. Shahidi anakanusha na kutaja wengine. Vizazi vitatu kwenye ukurasa mmoja, na vyote vimeapishwa. Uliza kumbukumbu za baraza la liwali zilizobaki, kisha Mahakama ya Mwanzo, kisha baraza la kata.

Kisha nenda mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwaondoa watu kwenye makazi ya ukoo, na huku mpakani kuhamishwa kulianza mapema kwa sababu ya vita vya Msumbiji. Kijiji mnachokiita chenu kinaweza kuwa na umri wa miaka hamsini tu. Mzee akupeleke mahame, uhesabu miembe na makaburi, uchore ramani. Lakini kabla ya kutia mguu, mwone mwenyekiti wa kijiji na useme umekuja kufanya nini. Tangu habari za gesi za Msimbati na bei za korosho, mgeni anayeuliza mipaka ya babu anaonekana dalali.

Wakristo wana rejesta za ubatizo. Masasi ilianza 1876, na wengi wa waliokuja na Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana walikuwa watumwa walioachwa huru Zanzibar. Hapo swali la "asili yenu wapi" liulizwe taratibu, au lisiulizwe. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wana Ndanda tangu 1906. Lukuledi na Nyangao ni za zamani zaidi, ila zilichomwa kwenye Maji Maji mwaka 1905, kwa hiyo usishangae kukuta rejesta inaanzia baada ya hapo. Rejesta ya ubatizo inaandika mama. Kwa sababu hiyo peke yake mimi ningeanzia kanisani kabla ya boma, yaani ofisi ya wilaya.

Kama mto umekatiza ukoo, kuna Hifadhi ya Historia ya Msumbiji kule Maputo. Waliokuja kama wakimbizi baada ya vita kuanza 1964, baadhi waliwekwa Rutamba, Lindi, na wazee wa pale wanaijua Mueda, kwa Wamakonde wa Msumbiji, nyumba kwa nyumba. Zungumza nao kabla ya kufikiria Maputo.

Ukipiga picha karatasi yoyote, piga mchana, karibu na dirisha, bila flashi, na namba ya jalada iingie kwenye picha hiyohiyo. Risiti za kasha zirudishe kwa mpangilio uliozikuta, bibi akiona.